Wageni waje baada ya mavuno

Shule za Marekani zikifungwa, mwezi wa sita, Coaster zilizobeba wageni wa kanisa huanza kupanda milima kuja vijijini kwetu. Wanakaa siku kumi, wakizidi sana wiki mbili. Huo ndio msimu ambao mahindi yamekauka, baridi ya nyanda za juu kusini imekaza, na kila mwanamke mwenye nguvu yuko shambani anavuna au yuko uani anapukuchua. Mimi ni mtunza hazina wa usharika mmoja wa Kilutheri huku, na kwa kuwa nilifundisha Kiingereza sekondari kabla ya kustaafu, mimi ndiye ninayeitwa pia kutafsiri. Nawapenda wageni hawa. Nimekula nao, nimekaa nao msibani, na nataka waendelee kuja. Lakini kuna jambo tumewaficha kwa adabu miaka mingi, nalo ni kwamba ziara nyingi zinawafaa wao kuliko zinavyotufaa sisi. Wa kulirekebisha ni sisi wenyeji.

Nianze na hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Kimbunga Mitch kilipoipiga Honduras mwaka 1998, makundi ya Wakristo kutoka Amerika Kaskazini yalikwenda kuwajengea nyumba walioathirika. Nyumba nyingine zilijengwa na wenyeji wenyewe. Baadaye Kurt Ver Beek, mwanasosholojia wa Chuo cha Calvin cha Marekani aliyekuwa akiishi Honduras, akawauliza watu wa pande zote mbili, na mwaka 2006 akachapisha alichokikuta. Nyumba ya mafundi wa Honduras iligharimu kama dola 2,000. Kundi la wageni, ukijumlisha na nauli, lilitumia wastani wa dola 30,000 kwa nyumba moja. Kwa familia zilizohamia humo haikuleta tofauti ya maana kama aliyejenga alikuwa jirani au mgeni. Wageni wengi walisema safari imewaathiri kwa wema, lakini sadaka zao, zilipofuatiliwa, hazikuwa zimeongezeka kwa kiasi cha kutajika. Fedha ya nyumba 15 ilikuwa imejenga moja.

Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton alikadiria, kwa utafiti wa mwaka 2005, kwamba waumini wapatao milioni 1.6 wa Marekani hufanya safari za namna hii nje ya nchi yao kila mwaka. Zidisha nauli.

Hapa kwetu tulikuwa tunajenga darasa la chekechea. Matofali tuliyafyatua na kuyachoma wenyewe, kila mtaa kwa zamu yake, na kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta tulipopata habari kwamba kundi la vijana linakuja na lingependa kujenga. Fundi akaambiwa asimamishe kazi awasubiri. Alisubiri mpaka akachoka, akachukua kazi mjini, maana ana watoto wa kulisha. Vijana wakaja, wakapanga matofali kwa moyo wao wote, wakaimba na watoto, wakaondoka huku wanalia. Kozi walizozipanga zilikuwa zimepinda, zikashushwa. Fundi hakupatikana tena hadi mvua za Desemba, na kuta zile tulikuwa tumezijenga kwa udongo tukitegemea kupaua mapema. Mvua ikazila. Watoto wakaendelea kusomea kanisani, kati ya mabenchi, mwaka mwingine mzima.

Mwaka 2014 Mmarekani Pippa Biddle, ambaye akiwa mwanafunzi alikuja Tanzania na shule yake kujenga maktaba katika kituo cha yatima, aliandika kwamba ukuta wao ulikuwa mbovu kiasi kwamba usiku wanaume wa pale waliubomoa na kuujenga upya ili wasichana wasijue. Makala yake ilisomwa sana, na wengi waliona humo aibu ya wageni. Mimi nilikuwa nawafikiria wale wanaume. Wamefanya kazi ya mchana mara ya pili, gizani, na asubuhi hakuna aliyefungua kinywa. Ukimya huo naujua. Tunaogopa kwamba mgeni akiudhika, ada za watoto wetu zitaondoka naye. Mchungaji anaogopa, mwenyekiti wa wazee anaogopa, na mkalimani anajikuta analainisha kila sentensi kabla haijamfikia mgeni. Fundi akiulizwa ukuta ukoje, anajibu kwamba ni mzuri sana.

Afya ndiyo inayoniuma zaidi. Kambi ya matibabu ya siku tatu inapotangazwa, watu hutoka mbali, wengine wamebebwa kwenye bodaboda. Jirani yangu aliambiwa shinikizo la damu liko juu, akapewa vidonge vya mwezi mmoja kwenye kopo lenye maandishi ya Kiingereza. Mwezi ulipoisha alikwenda zahanati ya kijiji. Mganga hakuwa na taarifa yake yoyote, na vidonge vile havikuwapo. Akakaa bila dawa, akiamini ameshatibiwa na madaktari wa Ulaya. Kwa utaratibu wa nchi hii, daktari mgeni hupaswa kusajiliwa kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumgusa mgonjwa. Sijui kwa nini tunaona haya kumwomba mgeni karatasi hiyo, wakati sisi tukienda kwao tunaombwa hadi barua ya benki.

Tukumbuke na yaliyotokea Jinja, Uganda. Renee Bach alifika huko kutoka Marekani mwaka 2007, msichana aliyetoka tu sekondari, kujitolea. Akarudi, na mwaka 2009 akaanzisha Serving His Children, kituo cha kulisha watoto wenye utapiamlo, bila kuwa na mafunzo ya udaktari wala uuguzi. Zaidi ya watoto 100 walifia kwenye kituo hicho. Mwaka 2019 akina mama wawili waliopoteza watoto walimshitaki. Yeye alikanusha kwamba alijifanya daktari, na mwaka 2020 shauri likaisha kwa makubaliano na malipo, bila kukiri kosa. Watoto waliopelekwa pale walikuwa mahututi, na huenda wengine wasingepona hata hospitalini. Ninachokiona mimi ni mlango uliokuwa wazi. Kwa miaka mingi upendo wake ulikubaliwa badala ya cheti, na waliokubali ni pamoja na sisi watu wa Afrika Mashariki.

Haya si mageni. Mwaka 1971, huko Milwaukee, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alisimama mbele ya Wamarekani akapendekeza wamisionari na fedha zao wasitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili kanisa la Afrika lijue linaweza kusimama kwa miguu yake au la. Wengi walishtuka. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote, Lusaka, uliiunga mkono hoja yake. Gatu alikuwa anawazungumzia watu waliokuja kukaa. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, akaondoka pwani mwaka 1875 macho yakiwa hayaoni vizuri tena. Kukaa miaka mingi hakukumfanya kila mmisionari awe mwema, na wako waliokaa wakawa mabwana. Ila aliyekaa alilazimika kuishi na matokeo ya makosa yake, na watu walipata muda wa kumgombeza kwa lugha aliyoielewa. Wa siku kumi hapati nafasi hiyo. Hata jina la fundi halijui.

Sasa niseme ziara moja iliyotufaa. Mzee mmoja, mkulima, alikuja na kundi lake kutoka Minnesota, na wiki ile tukafiwa na mwinjilisti wetu. Ratiba ya ujenzi ikavunjika. Mzee yule akakaa na wanaume kwenye moto usiku kucha, hajui Kiswahili zaidi ya pole, akapokea ugali, akaenda makaburini, akashika koleo zamu yake ilipofika. Hakuacha jengo. Alipofika kwao akaanza kuulizia mjane na watoto, na akaendelea kuuliza kila mwaka. Usharika wake ukachukua ada za yule binti mkubwa hadi akahitimu uuguzi. Binti huyo leo anafanya kazi kituo cha afya cha serikali, na analipia ada za mdogo wake.

Jirani zetu wa Dayosisi ya Iringa ya KKKT wana ushirikiano na Sinodi ya Saint Paul ya Minnesota, unaoitwa Bega kwa Bega, tangu mwaka 1987. Sharika za huku na za kule zinajuana kwa majina, zinaombeana, zinasomesha, na wa Iringa nao husafiri kwenda kule. Nasisitiza hilo la mwisho. Mchungaji wetu alipokwenda Marekani, alihubiri, akatembelea wazee wanaoishi peke yao, akashangaa, akasali nao, wakamlilia. Hakuna aliyempa brashi apake rangi ukuta wa kanisa lao. Walimpokea kama mtu mwenye neno la kuwaambia. Vijana wao wakija kwetu wapewe heshima hiyohiyo: wakae na wazee, wajifunze, waulizwe maswali, wasafishe maharage pamoja na akina mama kama wanataka kuchafua mikono.

Mwaliko ni wetu, tuuandike sisi. Mara nyingi barua huandikwa huko huko kwao, sisi tunagonga muhuri tu. Waje Septemba au Oktoba, mahindi yakiwa ghalani na watu wakiwa na nafasi. Ni kweli wanafunzi wao watakuwa darasani. Basi watakuja watu wazima, wauguzi wenye vyeti, mafundi wa kweli, walimu waliostaafu kama mimi. Kusiwe na kambi ya matibabu ambayo mganga wa zahanati hakuipanga wala hana orodha ya wagonjwa wake. Watoto wasipangwe mstari kupigwa picha. Ujenzi ufanywe na mafundi wetu, kwa malipo, kwa ratiba ya mvua.

Na mimi kama mtunza hazina nina ombi langu. Kila ziara ikiisha, sisi tuwapelekee usharika rafiki hesabu ya kila shilingi waliyotuachia, pamoja na risiti za saruji, bati na ujira wa fundi. Wao nao watutumie hesabu ya safari: nauli, viza, hoteli ya mjini, siku mbili za mbugani. Karatasi zote mbili zisomwe kanisani wakati wa matangazo, kwetu na kwao, kabla baraza halijapanga tarehe ya ziara inayofuata.