Mwenye Bima Ndogo Ndiye Anayeihitaji Kamera

Ukikaa gereji au kwenye kijiwe cha teksi Dar es Salaam, mazungumzo kuhusu kamera za dashibodi huishia mahali pamoja: hicho ni kifaa cha mwenye gari la thamani. Mwenye Land Cruiser aliyekata bima kubwa ana mali ya kulinda. Mwenye IST au Vitz yenye bima ndogo atarekodi ya nini, wakati bima yake haimlipii hata taa iliyopasuka? Nimewasikia hadi mawakala wa bima wakimjibu hivyo mteja anayeuliza. Naona wamekosea, na kosa lenyewe linawaumiza wale wenye uwezo mdogo zaidi. Mwenye bima kubwa anaweza kupata ajali bila kamera na gari lake likatengenezwa. Mwenye bima ndogo akikosa ushahidi, hasara yote inabaki mikononi mwake.

Tuanze na bima zenyewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka anayeingiza gari barabarani awe na bima ya kuwafidia watu wengine atakaowadhuru. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo, na kwa gari binafsi tumezoea kuilipia shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa hutozwa kwa thamani ya gari, na kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5. Gari la shilingi milioni 15 litatozwa 525,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 619,500. Mtu mwenye ada za shule za kulipa akitazama tarakimu hizo mbili, hahitaji kuelezwa achague ipi.

Sasa magari mawili yagongane. Mwenye bima kubwa anakwenda kwenye kampuni yake mwenyewe, aliyoingia nayo mkataba. Mthamini anakuja, gereji inateuliwa, yeye anachangia kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, na gari linatengenezwa hata kama kosa lilikuwa lake. Kampuni ndiyo itakayohangaika baadaye kudai fedha zake kwa bima ya upande wa pili. Swali la nani mwenye kosa linamgusa, ndiyo, kwa sababu anaweza kupoteza punguzo la mwaka unaofuata, lakini halimlazi njaa.

Mwenye bima ndogo ana mlango mmoja tu, nao ni wa kampuni ya aliyemgonga. Kampuni hiyo haimjui. Haijapokea hata shilingi yake. Haina deni kwake mpaka ionyeshwe kwamba mteja wake ndiye aliyekosea, na ina kila sababu ya kusubiri ionyeshwe hivyo kwa maandishi, kwa mihuri, na mara nyingi kwa hukumu. Kwa mtu huyu, swali la nani mwenye kosa ndilo fidia yenyewe. Akilishinda, analipwa hadi kikomo kilichomo kwenye bima ya mwenzake. Akishindwa, au swali likabaki halina jibu, hapati kitu. Kifaa chenye kazi ya kuonyesha nani alifanya nini kina faida kwa nani zaidi, kama si kwa huyu?

Na jibu la swali hilo hupatikanaje kwetu? Trafiki anafika, kama foleni inamruhusu kufika. Mara nyingi magari yameshasogezwa pembeni kwa sababu daladala zilizokuwa nyuma zimepiga honi mpaka watu wamechoka. Askari anapima kwa utepe kutoka ukingo wa barabara, anachora ramani ya tukio, anauliza kila dereva. Ramani hiyo inaonyesha vioo vilipomwagikia na magari yalipokutwa. Haiwezi kuonyesha kwamba sekunde tatu kabla, mmoja alikuwa ametoka njia ya kulia bila kuwasha indiketa. Hilo linabaki katika maneno ya madereva na ya mashahidi, na mashahidi wa barabarani wana safari zao. Aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote pale kwenye ajali, ukimpigia simu wiki mbili baadaye aje kituoni kuandika maelezo, hapatikani. Ajali ikimhusu mwendesha bodaboda, wenzake wanafika kwanza, na kelele za umati zinaelemea upande mmoja kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

Kuna kesi ya Ujerumani inayoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko nyingine ninayoijua. Mjini Magdeburg, magari mawili yalikuwa yakikata kona ya kushoto sambamba, kila moja kwenye njia yake, yakakwaruzana ubavuni. Kila dereva akasema mwenzake ndiye aliyetoka kwenye njia yake. Mtaalamu aliyeteuliwa kuchunguza akasema kwamba kiufundi maelezo ya wote wawili yanawezekana. Mahakama ikampa mdai nusu ya hasara yake, kwa kuwa hakuna upande uliothibitisha. Mdai alikuwa na kamera ndani ya gari, lakini mahakama za chini, mbili kwa zamu, zilikataa kuitazama video kwa hoja ya faragha. Tarehe 15 Mei 2018, Mahakama Kuu ya Shirikisho ikatengua uamuzi huo na kuirudisha kesi isikilizwe upya. Ilisema kurekodi barabara mfululizo bila sababu ni kinyume cha sheria yao ya taarifa binafsi, lakini kosa hilo peke yake haliifuti video kama ushahidi katika kesi ya madai. Ilizingatia pia kwamba anayeingia barabarani tayari amejiweka mbele ya macho ya watu, na kwamba baada ya ajali kila mhusika ana wajibu wa kujitambulisha.

Hiyo ni nchi yenye wataalamu wa ajali wanaopima hadi mikwaruzo ya rangi, na bado jibu lilikuwa nusu kwa nusu. Kwetu, ambako ushahidi wa kitaalamu katika kesi ya bampa na mlango ni nadra, nusu hiyo huwa sifuri.

Zipo pia kanuni za mtaani zinazojaza pengo la ushahidi. Inayotawala ni ile isemayo aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa. Mara nyingi ni kweli, maana dereva anatakiwa kuacha nafasi. Lakini fikiria gari linalochomoka kutoka njia ya pembeni, likajipenyeza mbele yako na kukanyaga breki papo hapo ili lishushe abiria. Umegonga nyuma, kanuni imeshakuhukumu. Au lori lililo mbele yako mlimani linateleza kurudi nyuma na kukukuta umesimama: alama kwenye magari zitafanana kabisa na za mtu aliyegonga nyuma. Kamera ya mbele inaonyesha mistari ya barabara, indiketa iliyowashwa au isiyowashwa, taa za breki, na kama wewe ulikuwa unakwenda au umesimama. Mambo hayo manne ndiyo yanayoamua ajali nyingi za mjini.

Kuhusu anayegonga na kukimbia, hoja ni nyepesi zaidi. Mwenye bima kubwa aliyegongwa na dereva aliyekimbia bado ana kampuni yake. Mwenye bima ndogo asiye na namba ya gari lililomgonga hana hata wa kumdai. Akiwa na namba, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unamwezesha kuhakiki bima ya gari hilo na kujua ni kampuni ipi iliyoitoa. Kamera za bei ya chini hazisomi namba vizuri usiku, kwa hiyo madereva wanaozitumia wanapaswa kuwa na tabia moja: ukiiona namba, itaje kwa sauti hapo hapo. Maikrofoni ya kamera itaihifadhi pamoja na saa.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Madereva wengi wanasema: kamera itanishtaki mimi mwenyewe. Ni kweli, inaweza. Zenye GPS huandika mwendo kwenye picha, na kama ulikuwa kwenye 75 mahali pa 50, maandishi yatabaki hapo. Video inayoonyesha mwenzako alikata njia yako na wewe ulikuwa kasi inaweza kuligawa kosa kati yenu, na malipo yako yakapungua. Lakini tupime hali ya mtu huyo bila kamera. Mwenzake atamkana, shahidi hayupo, na kampuni ya upande wa pili itakaa kimya. Sehemu ya fidia iliyothibitishwa ni kubwa kuliko fidia kamili isiyothibitika. Na dereva aliyekuwa na kosa lote, anayetaka kosa hilo lisijulikane ili aliyeumia asilipwe, huyo sina hoja ya kumtetea. Mtembea kwa miguu aliyevunjwa mguu kwenye kivuko cha pundamilia ana haki ya ukweli ule ule ambao dereva anautafuta kwa ajili ya bampa lake.

Wengine wanasema mahakama zetu hazikubali video. Hilo lilishapitwa na wakati. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachopimwa ni uzito wake: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, uadilifu wake ulilindwaje, na nani ametambulika kuwa ndiye aliyeutoa. Kenya nayo inaupokea kwa masharti yake, ikiwemo hati ya uthibitisho inayotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Na madai mengi ya bima huisha kabla ya mahakama, mezani kwa ofisa wa madai au mbele ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Basi udhaifu wa kweli haumo kwenye sheria. Uko mikononi mwetu, kwenye ile kadi ndogo ya kumbukumbu. Kamera hurekodi kwa mzunguko: kadi ya GB 32 ikirekodi picha safi hujaa kwa saa nne au tano hivi, kisha faili la zamani linafutwa ili jipya liingie. Kihisi cha mtikisiko hufunga faili la ajali lisifutwe, lakini mgongano mdogo wa ubavuni unaweza usikiamshe. Dereva anagongwa asubuhi, anaendelea na kazi kutwa nzima kamera ikiwa imewashwa, na jioni akija kutafuta video haipo. Kwa hiyo baada ya ajali, ukishahakikisha watu wako salama, bonyeza kitufe cha kufunga faili, kisha zima kamera na utoe kadi. Usimtumie mtu video kwa WhatsApp ukadhani umeihifadhi. Huko inabanwa, ubora unashuka na taarifa za faili zinapotea. Nakili faili lenyewe, toa nakala, na kadi ya asili uiweke kwenye bahasha yenye tarehe na jina la aliyeitoa kwenye kamera. Ukiulizwa ilihifadhiwaje, utakuwa na jibu.

Saa ya kamera ni tatizo jingine linaloangusha ushahidi mzuri. Betri ndogo ya ndani ikichoka, tarehe inarudi mwanzo, na ajali ya mwezi huu inaonekana imetokea miaka sita iliyopita. Wakili wa upande wa pili hataliacha hilo lipite. Joto la Dar nalo huvimbisha betri za kamera zilizobandikwa kwenye kioo kutwa nzima juani. Zinazotumia kapasita badala ya betri ya lithiamu huvumilia zaidi. Na kamera ya mbele peke yake haitamwona aliyekugonga nyuma. Itaonyesha tu ulikuwa umesimama, kisha mtikisiko. Hilo nalo lina thamani, ila anayeweza aongeze ya nyuma.

Wapo watu ambao hata hesabu ya bima ndogo na kubwa haiwamalizii shida, nao ni madereva wanaoendesha magari ya matajiri wao kwa hesabu ya kila siku. Gari likilala gereji wiki tatu, hakuna bima ya kawaida inayowalipa siku hizo. Tajiri anataka kujua nani alizembea, na akiamini ni dereva, funguo zinahamia kwa mwingine jioni hiyo hiyo. Dereva mwenye video anaiweka mezani kabla hajaulizwa. Namfahamu mmoja wa teksi aliyenunua kamera kwa fedha zake mwenyewe, akaibandika kwenye gari la mtu, na anahama nayo kila anapobadilisha gari. Amelielewa jambo hili kuliko mawakala niliowataja mwanzoni.

Faragha isisahaulike. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Video ya ajali ipelekwe polisi na bima; haina sababu ya kurushwa mitandaoni ikiwa na sura za majeruhi. Abiria pia waambiwe kwamba kamera inarekodi sauti, kama inarekodi.

Kinachobaki kiko kwenye madirisha ya ofisi. Fomu ya madai iwe na mstari unaouliza kama ipo video, na ofisa anayeipokea asaini tarehe, urefu wa faili na namba ya kadi. Kituo cha polisi nacho kiwe na utaratibu wa kuitazama kabla ramani ya tukio haijakamilishwa, huku dereva wa upande wa pili akiwepo. Mwenye bima ndogo akifika na kadi yake mkononi, apewe risiti yake, na ripoti itaje kwamba video ilionekana na ilionyesha nini.