Kijumbe Afungue Daftari

Jumapili moja mwezi uliopita, watu wakiwa bado kwenye foleni ya chai, mwanajumuiya mmoja alinivuta pembeni akanionyesha barua kwenye simu yake. Ni dereva wa lori. Lori ni lake, deni lake alishalimaliza, na kwa miaka 6 amekuwa akipeleka mizigo kutoka hapa Columbus hadi Texas na California. Barua ilisema ombi lake la mkopo wa nyumba limekataliwa. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Kaka, sasa mtu aishi vipi ndiyo wamkubalie?"

Swali hilo sijaweza kulitua. Wengi wetu tunaishi kama yeye, au tunafanana naye. Kuna mama anayelala mchana kwa sababu usiku ana zamu kwenye nyumba mbili za wazee. Kuna kijana wa ghalani asubuhi, na jioni anabeba abiria kwa gari lake. Tunakaa watu 8 nyumba moja, na akiba yetu iko kwenye upatu. Wengine mnasema chama, wa Kongo likelemba. Maisha hayo ndiyo yaliyolipa karo hapa na kule Kigoma na Bukavu. Ila fomu ya mkopo ilitungwa ikimwazia mtu mwingine kabisa: mwenye mwajiri mmoja, mshahara wa kila wiki mbili, na familia ya baba, mama na watoto.

Chukueni hesabu ya dereva mwenye lori lake, kwa mfano tu. Lori limeingiza dola 180,000 kwa mwaka. Toa dizeli, bima, matairi, gereji, chakula cha safarini na uchakavu wa lori. Kwenye ritani ya kodi zinabaki dola 38,000. Mwezi wa Aprili anamshukuru aliyemwandalia ritani, maana kodi imekuwa ndogo. Mwezi wa Septemba afisa mikopo anafungua ritani hizo hizo, mara nyingi za miaka 2, na macho yake yanakwenda kwenye kilichobaki. Zile 180,000 hazimhusu.

Hapo kuna jambo ambalo watu wetu hawaambiwi. Uchakavu wa lori ni gharama ya kwenye karatasi, hakuna pesa inayotoka mfukoni, na kwa hiyo mkopeshaji huurudisha kwenye kipato anapopiga hesabu. Kama katika gharama zile dola 20,000 zilikuwa za uchakavu, basi dereva huyo ahesabiwe 58,000. Ulizeni. Na mwendeeni afisa mikopo miaka 2 kabla ya kutafuta nyumba, msingoje mpaka mmeshaipenda.

Kodi ya pango nayo ina kisa chake. Dereva asiye na familia hulala ndani ya lori siku 25 za mwezi. Akirudi mjini anafikia kwa kaka yake na kumpa pesa taslimu. Kaka ndiye mwenye mkataba wa nyumba, kwa hiyo machoni pa mkopeshaji mdogo mtu hajawahi kulipa pango maishani mwake. Tangu Septemba 2021, Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji na ambalo kanuni zake hufuatwa nchi nzima, lina mfumo unaoweza kumpa mnunuzi wa mara ya kwanza sifa kwa pango alilolipa miezi 12, mradi malipo yaonekane benki. Mpe kaka yako pesa yake, lakini ipitishe benki.

Sasa niseme la ndugu. Mwaka 1977 kesi ya bibi mmoja wa East Cleveland, humu humu Ohio, Inez Moore, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Kosa lake lilikuwa kukaa na mwanawe na wajukuu wawili ambao ni watoto wa baba tofauti. Mmoja aliletwa kwake baada ya kufiwa na mama. Sheria ya mji haikuihesabu hiyo kuwa familia moja. Bibi alihukumiwa siku 5 jela na faini ya dola 25. Mahakama Kuu ilimpa haki kwa kura 5 dhidi ya 4, na kwa sababu ya hukumu hiyo hakuna mji unaoweza kukuzuia kukaa na mjukuu wako. Lakini miaka 3 kabla, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeruhusu kijiji cha Belle Terre, New York, kuweka kikomo cha watu wasio wa damu moja kukaa pamoja, na miji mingi bado ina vikomo vya namna hiyo. Sisi tuna ndugu wa kambini. Mtu mliyegawana naye mgao wa unga katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa miaka 10 ni ndugu, hilo halina mjadala kwetu. Kwenye sheria ya mji ni mpangaji. Kabla hamjanunua nyumba ya vyumba 5 kwa ajili ya wote, someni mji unasema nini, pamoja na kama lori linaruhusiwa kulala mbele ya nyumba, maana mitaa mingi ya makazi hairuhusu.

Kwa wanaosubiri hati za ukaazi: tangu Mei 2025 mikopo ya nyumba yenye bima ya serikali kuu, ile ya FHA, haitolewi tena kwa mkazi asiye wa kudumu. Jambo hilo limewaumiza watu wetu na tunasema wazi kwamba si haki.

Lililonifanya nishike kalamu hasa ni upatu. Dereva wetu wa ile barua alipokea mchezo, yaani zamu yake ya upatu: watu 12, dola 500 kila mmoja, jumla 6,000. Aliziweka benki mara moja. Kwa kanuni za Fannie Mae, pesa inayoingia kwa mkupuo ikizidi nusu ya kipato chako cha mwezi lazima uieleze ilikotoka. Alipoulizwa, aliogopa. Akaandika ni zawadi ya rafiki. Wakadai barua ya aliyetoa zawadi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nimemwambia uso kwa uso, na narudia hapa: kusema uongo kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai.

Kinachouma ni kwamba ukweli ungemsaidia. Kanuni hizo hizo za Fannie Mae zinautambua mfuko wa akiba wa pamoja kuwa chanzo halali cha malipo ya awali. FHA nayo ina kipengele cha vikundi vya akiba. Fannie Mae wanataka maandishi ya msimamizi wa mfuko na ushahidi kwamba umekuwa ukichanga mara kwa mara. Kama umeshapokea na bado unadaiwa miezi iliyobaki, dola 500 zile zitahesabiwa kama deni lako, nami sioni kosa: hata sisi tunaliita deni. Ila nani kati yetu ana maandishi hayo?

Wiki hii nilimtembelea mama mmoja ambaye ni kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, kwa mwaka wa 9. Alitoa daftari kwenye kabati la vyombo, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Kila ukurasa una mwezi wake, majina 12 na alama ya vema. Mchango ukichelewa, tarehe ulipoletwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Lilikosa saini tu. Tulikubaliana kwamba kuanzia mwezi huu atakayetoa na atakayepokea watasaini, na michango itapita benki. Kamati ya jumuiya yetu inawaomba vijumbe wote walete madaftari yao kwenye mkutano ujao tuyapange hivyo.

Nikafungua nyuma, kurasa za mwaka juzi na mwaka jana. Jina la dereva wetu liko mstari wa 8. Hakuna wekundu mbele yake hata mara moja.