Ardhi ya kingo za Mto Songwe: mnunuzi ajue mita 60 kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Songwe

Msafiri atokaye Mbeya kuelekea Tunduma kwa barabara kuu ya TANZAM hufika mahali ambapo milima hufunguka na bonde la Mto Songwe likaonekana. Kuanzia hapo hadi maeneo ya Nanyala, wilayani Mbozi, mandhari ya vilima, mawe ya chokaa na chemchemi za maji moto huvutia macho. Wengi wakipaona mahali kama hapo hutamani kumiliki kipande cha ardhi kando ya maji, wajenge nyumba ya kupumzikia au ya kuishi uzeeni.

Si tamaa ya kulaumiwa. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya, unapitiwa na barabara kuu na reli ya TAZARA, na mji wake wa Tunduma ni lango la biashara kati ya Tanzania na Zambia. Mahali penye njia na biashara, ardhi hutafutwa. Hata hivyo, ardhi ya kingo za mto ina masharti yake, na asiyeyafahamu anaweza kulipa akiba ya miaka mingi kwa kitu ambacho sheria haimruhusu kukitumia.

Kwanza, ufafanuzi wa jina. Mito inayoitwa Songwe ni miwili. Mmoja ni mpaka wa Tanzania na Malawi, nao humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Mwingine, unaopita upande wa Nanyala, huelekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutolea maji. Udongo unaomomonyoka kwenye kingo za mto huu hauna njia ya kufika baharini. Mwisho wake ni ziwani. Kwa sababu hiyo, kulinda kingo za Nanyala ni kulinda pia riziki ya wavuvi na wakulima walio mbali na hapo.

Ulinzi huo umewekwa kisheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina katazo linalofanana na hilo. Nazo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi.

Kwa anayesikia tu, mita 60 ni umbali mdogo. Tuupime kwa kipimo cha wanunuzi wenyewe. Ekari moja yenye umbo la mraba, ambayo kwa desturi hupimwa hatua 70 kwa 70, ina upande wa karibu mita 64. Mtu akinunua ekari hiyo ikianzia ukingoni kabisa, atakuwa amelipia ardhi ambayo karibu yote imo ndani ya eneo linalolindwa. Kitakachobaki kwa ajili ya nyumba ni ukanda usiofika upana wa mita 4. Kwa hiyo sehemu ile inayouzwa ghali kwa kuwa inagusa maji ndiyo isiyoruhusiwa kujengwa.

Kipimo chenyewe si cha kupigwa kwa hatua siku ya mauziano. Mto wa milimani hubadilika kwa majira: wakati wa kiangazi maji hupungua na ukingo huonekana uko mbali, masika yakifika maji hupanda na pengine kukata njia mpya. Wakazi wa bonde la Songwe ile ya mpakani wanalijua hili vizuri, kwa kuwa mto huo umekuwa ukihama mkondo baada ya mafuriko. Ndiyo maana kazi ya kuonesha ukingo na mipaka ni ya wataalamu wa bodi ya maji ya bonde husika na maofisa ardhi wa halmashauri.

Taifa limekwisha kulipa gharama ya kupuuza maji. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na familia zilizokuwa zikiishi Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Miongoni mwa waliokumbwa wapo waliokuwa wamejenga nyumba za kudumu na kuishi bondeni kwa miaka mingi. Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalifuata mikondo ya maji hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Mazingira ya matukio hayo yanatofautiana, lakini yote yanafundisha kwamba maji yakizidi hurudi katika njia zake, hata kama juu yake kuna nyumba.

Jambo la pili ni uhalali wa muuzaji. Pale ambapo eneo bado ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na uhamisho wa haki miliki ya kimila huhitaji kuidhinishwa na halmashauri ya kijiji. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa kiongozi mmoja haitoshelezi matakwa hayo. Asiye raia naye hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji na kwa utaratibu uliowekwa kisheria. Sharti hili lina uzito wa pekee katika mkoa unaopakana na nchi mbili.

Mnunuzi mwangalifu, basi, ataanza ofisi ya kijiji kuuliza historia ya eneo na mpango wa matumizi ya ardhi. Kisha atakwenda kwa ofisa ardhi wa wilaya, na kama eneo lina hati, atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Atahakikisha mwenza wa muuzaji ameridhia, mipaka imeoneshwa na majirani wakiwapo, na mita 60 zimepimwa. Malipo ni hatua ya mwisho.

Muuzaji naye ana la kupoteza. Familia inayouza shamba lake la kando ya mto hupoteza bustani ya mboga za kiangazi na njia ya kufikia maji, na fedha ikishatumika shamba halirudi. Ni vyema uamuzi huo ufanywe na familia nzima.

Uzuri wa Mto Songwe unaweza kufurahiwa na nyumba iliyojengwa juu ya kilima, nje ya mita 60, huku kingo zikiachiwa miti na majani. Anayejenga hivyo hubaki na mandhari aliyoitamani, na masika yakifika hulala usingizi.