MASHAURI YA NYUMBANI: Ubao Mbichi Huleta Ugomvi



Hakuna mwaka upitao bila watu wengi kugombana na maseremala wao. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole mwezi wa Februari haufunguki mwezi wa Mei ila kwa kusukumwa kwa bega. Kabati lililosifiwa siku ya arusi sasa lina nyufa, na mtoto wa meza hatoki wala haingii. Mwenye nyumba husema, "Fundi huyu ameniibia." Naye fundi husema, "Mtu huyu hataki kulipa." Mara nyingi wote wawili wamemsahau mkosaji mwenyewe, naye ni unyevu. Leo yafaa tuutazame unyevu huo, ili usitupotezee fedha na ujirani.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: mti ukisha kukatwa na kupasuliwa mbao, kiu yake haiishi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ubao hunywa na kuvimba. Hewa ikikauka, ubao hutoa maji na kunywea. Wala haubadiliki sawasawa pande zote. Kwa urefu hubadilika kidogo mno, hata jicho halioni. Bali kwa upana hubadilika sana. Ndiyo sababu mlango hukwama ubavuni zaidi kuliko juu.

Tufanye hesabu kidogo. Mlango wenye upana wa sentimita 80, uliotengenezwa kwa mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, ukiwa na unyevu wa 20 kwa mia, kisha ukakauka mpaka 12 kwa mia, waweza kupungua upana kwa zaidi ya sentimita 1. Hapo upepo huingia, na jirani huona taa yako. Hakuna gundi wala misumari iwezayo kuuzuia ubao usinywee. Ukizuiwa, hupasuka.

Tena Kenya haina hali moja ya hewa. Kule Mombasa na Lamu upepo wa bahari huleta unyevu mwaka mzima. Limuru na Tigoni hufunikwa na ukungu na baridi katika miezi ya Juni mpaka Agosti, na Kericho mvua hunyesha karibu kila mwezi. Lakini Garissa na Lodwar ni nchi kavu. Basi ubao uliokauka vya kutosha kwa Mombasa haujakauka vya kutosha kwa Garissa. Mfanyakazi anunuaye kitanda na kabati pwani, akavipakia katika lori kupeleka kwao kwenye nchi kavu, asishangae vikilia usiku na kupasuka kabla ya mwaka kwisha.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa upande wa Limuru. Mwezi wa Mei anakata miti yake ya saiprasi, kwa kuwa mwanawe ataoa mwezi wa Agosti. Mbao zinapasuliwa, na baada ya majuma matatu seremala anaanza kazi: milango minne, madirisha, na kabati la ukutani. Siku ya arusi kila mtu anasifu. Januari jua linawaka, milango inapindika na kabati linaachana katikati. Mzee anazuia nusu ya malipo. Seremala ana watoto wa kulisha, anakwenda kwa chifu. Je, nani mwenye haki? Mzee ndiye aliyetoa ubao mbichi na kuhimiza haraka. Lakini seremala ndiye aliyejua kazi, akanyamaza kwa kuogopa kuipoteza. Lawama ni ya wote wawili, na hasara pia.

Jambo hili limezidi kwa sababu ya uhaba wa mbao. Katika Februari 2018 Serikali ilikataza ukataji wa miti katika misitu ya umma, na katazo lile halikuondolewa mpaka mwaka 2023. Katika miaka ile bei ya mbao ilipanda, na wengi wakazoea kutumia mti wo wote uliopatikana shambani, uwe mkaratusi au saiprasi changa, siku chache baada ya kukatwa. Desturi hiyo haifai kuendelea.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwa samaki, lakini ubao usiuunge ungali mbichi. Ukaushe hivi. Zipange mbao juu ya mawe, kiasi cha futi 1 kutoka ardhini. Baina ya safu na safu weka fito nyembamba za unene mmoja, na kila ufito uwe juu ya mwenziwe, ili mbao zisipinde. Funika juu kwa mabati, lakini pande zote ziache wazi upepo upite. Paka ncha za mbao rangi, kwa maana maji hutoka upesi zaidi katika ncha, na hapo ndipo nyufa huanzia. Mbao za inchi 1 huhitaji miezi kadhaa. Za inchi 2 huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Utajuaje kwamba zimekauka? Usitegemee kugonga kwa kidole. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime kwa mizani. Tuseme kina gramu 280. Kisha kikaushe katika joko lenye joto la digrii 103 za sentigredi, ukikipima tena na tena, mpaka uzito usipungue zaidi. Tuseme sasa kina gramu 200. Maji yalikuwa gramu 80. Gawanya kwa 200, utapata 40 kwa mia. Ubao huo ni mbichi kabisa. Kwa samani na milango ya ndani katika nchi ya bara, 12 kwa mia ni kadiri njema. Pwani waweza kuzidi kidogo. Tena kumbuka kwamba ubao unaokaa chini ya 20 kwa mia hauozi, kwa sababu kuvu wa kuozesha hawapati maji ya kutosha.

Hata ubao mkavu haukosi kubadilika kidogo kwa majira, kwa hiyo uachiwe nafasi. Mlango ulio bora ni wa fremu, na vipande vya katikati vimeingizwa katika mitaro bila gundi, vipate kuvimba na kunywea ndani ya mitaro hiyo. Tazameni milango ya zamani ya Lamu: pale mbao mbili zinapokutana kuna mfaa, nao hufunika nafasi iliyo baina yake.

Mlango ukisha kutengenezwa, upakwe rangi au vanishi pande zote, hata ukingo wa juu na wa chini usioonekana. Wengi husahau kingo hizo, na huko ndiko maji yanakoingia. Mlango ukikwama wakati wa mvua usikimbilie randa. Ukiuranda sana mwezi wa Mei, Januari utakuwa na pengo.

Nyumba mpya ya saruji nayo ina maji mengi katika kuta zake. Usifunge makabati kabla ya plasta kukauka. Kabati liwe na miguu, na liwe mbali na ukuta wa nje kwa upana wa vidole viwili, hewa ipite nyuma. Wale wanunuao makabati ya mbao za unga ulioshikanishwa kwa gundi wajue kuwa maji yakiingia katika kingo zake huvimba, na hazirudii umbo lake tena.

Mwisho, kabla ya kumwuliza seremala bei, mwulize mbao zake zimekauka tangu lini, nanyi mwandike mapatano. Ikiwa mbao ni zake, bakisheni sehemu ndogo ya malipo mpaka kiangazi kimoja kipite. Ikiwa mbao ni zako, na umemhimiza afanye kazi zikiwa mbichi, uandike hivyo kwa mkono wako na umlipe haki yake yote siku ya kumaliza. Karatasi moja yenye sahihi mbili yaweza kuwaepusha majirani wasipelekane kwa chifu.