BIDHAA YASAFIRI, MWENYEWE HAENDI

Wakubwa wetu wanapohutubia juu ya uchumi wa visiwa hivi, viza ya mfanyabiashara hawaitaji. Huhisabiwa kuwa ni shida ya mtu binafsi, kama homa. Sisi twasema ni shida ya nchi.

Natumfuate muuzaji wa viungo wa hapa Unguja, asiye mkubwa wala mtoto wa mkubwa, mwenye mdalasini na hiliki yake safi. Kila Februari hufanyika Nuremberg, Ujerumani, maonyesho ya BIOFACH, ya vyakula vilivyolimwa bila ya dawa za viwandani, na wanunuzi wa Ulaya huhudhuria kwa wingi. Muuzaji wetu hana budi avuke bahari kupeleka maombi yake Dar es Salaam na kutia alama za vidole. Nauli na malazi ni juu yake. Ada ni yuro 90, iliyopandishwa kutoka 80 mwezi wa Juni 2024. Hulipwa kabla ya jibu, na jibu likiwa "hapana" hairudi.

Sharia yao yasema jibu litoke katika siku 15, lakini yaruhusu kurefusha hadi 45. Na kuipata miadi ni subira nyingine. Maonyesho hayamngojei mtu. Viza itokayo baada ya milango kufungwa haina tofauti na iliyokataliwa, ila kwa adabu.

Akikataliwa hupewa karatasi yenye orodha ya sababu, moja imetiwa alama: kwamba kuna shaka kama kweli atarudi kwao. Mtu mwenye ghala, na watu wanaomngojea Jumamosi awalipe ujira!

Msomaji atasema, si kuna simu? Kweli ipo. Lakini mnunuzi wa hiliki ataka kuivunja kwa kucha, ainuse, kisha amtazame machoni anayemuahidi mzigo wa miezi 6 ijayo. Asiyefika humwachia dalali, na dalali hununua kwa gunia akauza kwa kikopo. Khasa katika kile kikopo ndimo zilimo kazi: kuchambua, kusaga, kufunga, kubandika chapa. Zingekuwa kazi za vijana wa Bububu na wa Wete.

Mwani nao ni hivyo hivyo. Wanawake wa Paje na Jambiani wameulima kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa bado husafirishwa ukiwa mkavu, mghafi, kwa bei aipangayo mnunuzi. Wako waliojifunza kuufanya sabuni. Nani atakwenda kuitafutia sabuni hiyo soko, ikiwa mwenye kuitengeneza haaminiwi kuwa atarudi Paje?

Hatusemi Wazungu wasilinde mipaka yao. Kila nchi ina haki hiyo. Lakini mtalii wa Ulaya akishuka uwanja wa ndege wa hapa hulipa dola 50, hugongewa mhuri, akaingia. Wala hatulipingi hilo, maana watalii ni riziki ya wengi. Ila mwenye kuacha mlango wake wazi ana haki ya kuuliza mbona wa mwenzake una komeo. Nani auliza? Mambo ya nje ni ya Muungano tangu 1964, basi huku husemwa "si letu", na huko Bara yana wenyewe wenye mengi ya kushughulikia. Nao mawaziri husafiri kwa pasipoti za kidiplomasia; foleni hii hawaijui.

Twataka kila mazungumzo ya biashara na Ulaya yaanze na viza ya mfanyabiashara mdogo, na maombi yapokelewe hapa Unguja, hata kama ni siku mbili kwa mwezi. Na waliokataliwa waache kujificha kana kwamba wameiba. Wazilete karatasi zao kwa jumuiya za wafanyabiashara, zihisabiwe, zipelekwe Barazani, Waziri azijibu moja moja.

Wanaoikusudia Februari ijayo wameshaanza kuulizana bei ya boti.