Damu Yetu na Isomwe na Watoto Wetu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Handeni. Bibi alinikalisha barazani akaniuliza: "Mjukuu wangu, wewe wasoma sekondari huko Korogwe. Walimtoboa mdogo wako kidole, wakadondosha damu karatasini, wakaenda zao. Damu ile yaenda wapi?" Nikajibu, "Hospitali, Bibi." Hakuridhika, nami sikuwa na jibu jingine. Nilirudi shuleni na aibu yangu, nikamwuliza mwalimu.

Sasa najua. Tone lile likikauka hupelekwa maabara, na ndani yake hutafutwa kimelea cha malaria. Maagizo ya urithi ya kimelea hicho yameandikwa kwa herufi nne tu, lakini urefu wake ni herufi kama milioni 23. Wataalamu walitangaza mwaka 2002 kwamba wameyasoma. Hapana jicho liwezalo kulinganisha maandishi marefu kiasi hicho ya vimelea maelfu. Kazi hiyo hufanywa kwa hesabu na kompyuta.

Faida yake si ndogo, kwani herufi moja ikibadilika dawa yaweza kushindwa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, hapa hapa wilayani Korogwe, dawa ya SP ilishindwa kumaliza vimelea kwa watoto zaidi ya 8 katika kila 10. Mwaka 2024 Dakta Deus Ishengoma wa NIMR, ambaye amechunguza malaria katika vijiji vya Korogwe, alitangaza pamoja na wenzake kwamba huko Kagera vimelea vimeanza kuwa sugu kwa artemisinini, iliyo msingi wa dawa ya mseto tunayomeza leo.

Basi maoni yangu ni haya. Wenzangu wengi huchagua Biolojia ili waikimbie Hesabu. Hilo ni kosa. Biolojia ya leo bila hesabu ni jembe bila mpini. Wengine watasema kompyuta za shule hazitoshi. Ni kweli, lakini kujifunza uwiano na uwezekano hakungoji kompyuta. Kalamu na daftari vyatosha kuanzia. Wazazi nao wasidhani kila mtoto aliye mbele ya kompyuta anacheza.

Tukikimbia, damu itatolewa kwetu, itasomwa na wengine, na bibi zetu watabaki wakiuliza. Likizo ijayo nitamweleza Bibi damu ilikokwenda. Lakini natamani, Mungu akimweka, siku moja nimwambie: "Bibi, nimeisoma mimi."

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu