Picha ya Meli Ziwani ni Somo la Sayansi

Wapo wanaodhani kwamba kutazama meli za shehena na kuzipiga picha ni mchezo wa wasio na kazi. Dhana hiyo yafaa ikanushwe, hasa shuleni. Picha yenye tarehe, mahali na jina la meli ni ushahidi; isiyo na hayo ni pambo tu.

Ubavuni mwa meli, omo na tezi, huchorwa tarakimu zionyeshazo kina ambacho imezama majini. Mtu aipigapo picha meli ikiwa tupu, kisha ikiwa imepakiwa, huona dalili ya uzito wa shehena. Kwani kwa kanuni ya Archimedes, chombo kieleacho husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1025 hivi. Ya maji baridi, kilo 1000. Kwa hiyo meli yenye pande wima, izamayo meta 4 baharini, itazama meta 4.1 katika Ziwa Victoria kwa mzigo uleule.

Jambo hili si dogo. Uingereza ilianza kulazimisha alama ya upakiaji kwa sheria mwaka 1876, baada ya juhudi za mbunge Samuel Plimsoll. Huku kwetu, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Umma usiojua kusoma mstari wa maji hauwezi kuhoji upakiaji.

Picha huhifadhi historia pia. MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924, na kurudi kazini 1927.

Mwanafunzi wa Mutuka, mjini Babati, huona mitumbwi tu katika Ziwa Babati. Hata hivyo hazuiliki. Kopo lenye kokoto, lizamalo sentimeta 10 katika maji yenye chumvi kama ya bahari, litazama milimeta 2.5 zaidi katika maji baridi. Afanye jaribio hilo kwanza, kisha azichunguze picha za meli. Walimu wa maeneo ya Mwanza na Kigoma nao, kwa ruhusa ya wakuu wa bandari, wawaongoze wanafunzi kupiga picha hizo na kuzipeleka kwa shule zilizo mbali na bandari.